Chuo Kikuu Kilichokwenda Kuuliza kwa Wazee

Habari za Profesa Terence Ranger na kazi yake

Neno "Chuo Kikuu" si neno geni katika nchi ya Masasi. Babu zetu walilisikia kabla hawajaona barabara wala gari, kwani wageni waliofika hapa mwaka wa 1876 pamoja na Askofu Edward Steere walikuwa watu wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Asili ya jina hilo ni maneno aliyoyasema Daktari David Livingstone mbele ya wanachuo wa Cambridge mwezi wa Desemba 1857, akiwasihi wasiisahau Afrika. Watu wa Cambridge na Oxford, na baada yao wa Durham na Dublin, wakashikana mikono wakaianzisha misheni ile. Basi kwa miaka mingi sisi wa Masasi na Newala tulikijua chuo kikuu kama nyumba iliyo mbali, ng'ambo ya bahari, iletayo watu waje kutufundisha. Njia ilikuwa moja tu: elimu yatoka kule, yaja huku.

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za mwalimu mmoja wa chuo kikuu ambaye aliona kwamba njia ile ina pande mbili. Yeye aliamini ya kuwa chuo kikuu nacho kina haja ya kufundishwa, na kwamba miongoni mwa walimu wake wamo wazee wa vijijini, hata wa Masasi na Newala. Jina lake ni Profesa Terence Ranger. Alifariki dunia tarehe 3 Januari 2015, mwenye umri wa miaka 85. Yamkini wengi wenu hamjapata kulisikia jina hilo, maana hakuwa mtawala wala mwanasiasa wa nchi yetu. Walakini kazi yake yatuhusu sana, hasa sisi wenye watoto walio shuleni na vyuoni, na wazee walio barazani.

Asili yake, na sababu ya kufukuzwa

Ranger alizaliwa mjini London mwaka wa 1929, akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Masomo yake ya kwanza yalikuwa juu ya nchi ya Ireland ya zamani. Habari za Afrika hakuzijua. Mwaka wa 1957 akasafiri pamoja na mkewe Shelagh mpaka Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo yaitwa Zimbabwe, akafundishe katika chuo kipya mjini Salisbury, ambao leo ni Harare.

Chuo kile kiliwapokea wanafunzi wa kila rangi, wakakaa pamoja darasani. Lakini mwanafunzi Mwafrika akitoka nje ya lango, mambo yaligeuka. Hoteli ilimkataa, sinema ilimkataa, hata bwawa la kuogelea la mji lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwalimu mwingine angaliweza kusema, "Kazi yangu ni vitabu, ya nje hayanihusu." Ranger hakuweza kusema hivyo. Alijiuliza, itakuwaje nimwambie kijana huyu asubuhi kwamba akili yake ni sawa na yangu, na jioni nipite mlango ambao yeye amefungiwa? Basi mwaka wa 1961 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha raia wa kuupinga ubaguzi wa rangi, wakaenda hotelini na kwenye mabwawa, Waafrika na Wazungu pamoja, wakitaka kuhudumiwa sawasawa. Siku moja walipokuwa kwenye bwawa la kuogelea, Mzungu mmoja akamsukuma Ranger akatumbukia majini na nguo zake zote. Watu wakacheka, lakini kazi haikukoma.

Mkewe naye hakukaa kimya. Wakati serikali ilipowaweka kizuizini wanasiasa wa Kiafrika, Bibi Shelagh aliwasaidia jamaa zao waliobaki bila msaada. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, maana mara nyingi husifiwa mume aliyesimama barabarani, akasahauliwa mke aliyepita nyumba kwa nyumba.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1963 serikali ile ikachoka naye, ikamfukuza nchini. Kufukuzwa kwake ndiko kulikomleta kwetu.

Kazi ya Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kichanga wakati ule. Kilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961, katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kwa masomo ya sheria, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wachache hata hawakujaza chumba. Mwaka wa 1964 kikahamia Mlimani kilipo hata leo. Ranger akapewa kazi ya kuiweka misingi ya Idara ya Historia.

Tafadhalini mfikirini mtu aliyepewa kazi hiyo. Katika shule za zamani mtoto wa Newala alifundishwa majina ya wafalme wa Uingereza na safari za Wazungu waliozivuka mbuga zetu. Juu ya baba zake mwenyewe alisoma machache, na machache hayo yalikuwa yameandikwa na wageni. Walikuwako hata wataalamu wakubwa wa Ulaya waliosema kwamba Afrika haina historia kabla ya kuja kwa Wazungu. Basi mwalimu atafundisha nini, na vitabu havipo?

Hapo ndipo ulipoonekana uongozi wake. Hakukaa kungoja vitabu vije kwa meli. Aliwakusanya watu. Alikuja John Iliffe kutoka Uingereza. Alikuja Walter Rodney kutoka Guyana. Nao Watanzania wenyewe, mathalan Isaria Kimambo na Arnold Temu, wakashika kazi. Mwaka wa 1965 wanahistoria wa Afrika kutoka nchi nyingi wakakutana Dar es Salaam, na Ranger ndiye aliyeyahariri maneno ya mkutano ule yakawa kitabu. Mwaka wa 1966 kikaanzishwa Chama cha Historia cha Tanzania, ambacho kilitoa vijitabu vidogo ili elimu ile isibaki Mlimani kwa wachache, bali iwafikie walimu wa shule. Na mwaka wa 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania, wahariri wake wakiwa Kimambo na Temu.

Litazameni jambo hilo la mwisho. Profesa aliyeiweka misingi ya idara angaliweza kuliweka jina lake mwenyewe juu ya kitabu, na hapana ambaye angalimlaumu. Walakini kitabu cha historia ya nchi kilitoka kwa jina la wenye nchi. Na mwaka ule ule wa 1969 Ranger akaondoka kwenda kufundisha Marekani, na Profesa Kimambo akakikalia kiti chake. Kazi yake ya Dar es Salaam ilikuwa ya miaka sita tu.

Sisi wa Masasi twaijua habari ya namna hii, kwa kuwa wakati huo huo tuliiona kwetu. Askofu Trevor Huddleston, ambaye naye aliupigania usawa wa watu huko Afrika ya Kusini kabla ya kuletwa kwetu mwaka wa 1960, aliondoka mwaka wa 1968, na Askofu Hilary Chisonga akashika fimbo ya uchungaji. Padre na profesa, kila mmoja kwa njia yake, walijua neno ambalo viongozi wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mtu apimwe kwa vile alivyoandaa wa kumfuata, na kwa vile alivyojua saa ya kuondoka.

Wanafunzi watumwa kwa wazee

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Mnajua ya kwamba mwaka wa 1905 nchi yetu ya kusini iliwaka moto wa vita vya Maji Maji. Vita vilianza Umatumbi, kwa sababu ya mashamba ya pamba ya kushurutishwa na udhalimu mwingine wa serikali ya Wadachi, vikaenea upesi mpaka kwetu. Misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa. Ya Masasi nayo haikupona, na wamisionari wake wakakimbilia pwani. Kisha askari wa Wadachi wakaja wakachoma vijiji, maghala na mashamba, na baada ya moto ikaja njaa.

Habari za vita hivyo ziliandikwa, lakini na nani? Ziliandikwa na maofisa wa Kidachi katika taarifa zao, na wamisionari katika barua zao. Waliosema katika karatasi zile walikuwa watu waliokuwa upande wa pili wa bunduki, ama waliokuwa wakikimbia. Mwenye shamba lililochomwa, mama aliyewazika watoto wake katika njaa, kijana aliyeyanywa maji akaamini kwamba risasi haitamdhuru, hao wote hawakuandika neno. Habari zao zilikaa vichwani mwao. Na miaka sitini ilipopita, waliokuwa vijana mwaka wa 1905 walikuwa wazee wa miaka sabini na themanini, na kila msimu wa mvua walipungua.

Ndipo mwaka wa 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam ikafanya jambo lisilo la kawaida kwa chuo kikuu. Chini ya uongozi wa John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi walitumwa vijijini katika nchi zilizopigana vita vile, wakakae na wazee, wawaulize, wayaandike majibu yao. Ranger mwenyewe hakuongoza safari zile, nasi hatutaki kumpa sifa ya wengine. Lakini idara aliyoijenga ndiyo iliyowatuma, na imani iliyowatuma ndiyo ile aliyoipanda: ya kuwa mtu asiyejua kusoma aweza kuwa ndiye ajuaye kuliko wote.

Fikirini maana yake kwa mwanafunzi. Ametoka kijijini kwa taabu. Mama yake ameuza korosho, baba yake amekopa, wajomba wamechanga. Amefika Mlimani, amevaa viatu, amejifunza Kiingereza kizuri. Moyoni mwake, pengine pasipo kujua, ameanza kumwona babu yake kuwa ni mtu wa gizani. Kisha mwalimu wake amwambia, "Somo lako liko kwa babu yako. Nenda, keti chini, uulize, usimkatize." Kijana yule arudi nyumbani, na mara hii hakurudi na majibu. Amerudi na daftari tupu.

Na tena, profesa Mzungu hakuwa na lugha ya mzee yule. Mwanafunzi alikuwa nayo. Hapo mwanafunzi alimpita mwalimu wake, na mwalimu alilijua hilo akafurahi. Wako walimu wengi wanaomlea kijana ili awe mfano wao, mdogo kidogo kuliko wao. Ulezi wa kweli ni kumpa kijana kazi ambayo wewe mwenyewe huiwezi, kisha ukae karibu umsaidie asianguke.

Faida yake ilikuwa nini? Twawapa mfano mmoja tu, nao ni wa huzuni. Serikali ya Wadachi ilisema kwamba Waafrika waliokufa kwa sababu ya vita vya Maji Maji walikuwa 75,000. Gwassa, baada ya kuwasikiliza wazee na kuzichungua habari zote, alikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Tazameni tofauti ya hesabu hizo mbili. Kati ya moja na nyingine wamo watu wasiopungua laki moja na elfu sabini na tano, ambao katika karatasi za serikali ni kama kwamba hawakufa, kwa sababu ni kama kwamba hawakuishi. Mtu aliyewasikiliza wazee aliwarudisha katika hesabu ya wanadamu.

Hebu fikirini kama wanafunzi wale wangalichelewa miaka ishirini. Leo hapana hata mmoja aliye hai wa waliouona mwaka wa 1905. Maneno yale yangalikwenda kaburini pamoja na wenyewe, nasi tungalibaki na karatasi za Wadachi.

Masasi katika maandishi yake

Ranger alikwenda Marekani, kisha akarudi Uingereza, akafundisha Manchester kuanzia mwaka wa 1974, na Oxford kuanzia 1987 hata 1997. Walakini nchi ya Masasi haikumtoka moyoni. Kwa miaka kumi hivi aliandika juu yetu makala kadhaa zinazosomwa na wataalamu wa dunia nzima.

Ya kwanza, ya mwaka 1972, ilikuwa juu ya jando. Wasomaji wetu wanajua jinsi Padre Vincent Lucas, ambaye alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alivyoona kwamba desturi za jando zisivunjwe zote, bali zitakaswe, ziwe na sala na mafundisho ya Kikristo. Jambo hilo lilisifiwa sana Ulaya, na sifa zote alipewa Lucas. Ranger akauliza swali rahisi: je, Mzungu mmoja aweza kuigeuza desturi ya watu peke yake? Akasoma maandishi ya mapadre na walimu wetu Waafrika, akaonyesha kwamba wao ndio walioibeba kazi ile, wakijadiliana na wazee, wakijua lipi litakubalika na lipi litakataliwa. Akaonyesha pia kwamba unyago wa wasichana haukugeuka kwa wepesi kama jando, kwani ulikuwa mikononi mwa akina mama, na wao walikuwa na maneno yao wenyewe.

Mwaka wa 1973, katika kitabu cha maisha ya Watanzania mashuhuri kilichohaririwa na Iliffe, Ranger aliandika maisha ya Padre Kolumba Msigala, akimwita mtume. Padre Msigala alikuwa ameyaandika mwenyewe makumbusho ya maisha yake. Makaratasi ya namna hiyo mara nyingi huliwa na mchwa sandukuni. Ranger aliyasoma kwa heshima ile ile ambayo wengine huisomea barua ya gavana.

Twafahamu sababu ya heshima hiyo. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, wamisionari Waingereza walitiwa kifungoni na Wadachi, na kazi yote ikabaki kwa mapadre na walimu Waafrika. Wao waliwafundisha watoto, wakawazika wafu, wakawatuliza wajane, nao baadhi yao wakafungwa na kuteswa kwa kudhaniwa ni rafiki wa Waingereza. Vitabu vingi vya misheni vyasimulia kwamba kazi ilisimama, Wazungu waliporudi ikaendelea. Aliyewasoma kina Msigala hawezi kusema hivyo tena.

Mwaka wa 1979 akaandika juu ya wafalme wa ukoo wa Matola wa Newala, akitenga yale ambayo Wazungu walipenda kuyaona kwa mfalme na yale yaliyokuwa kweli kwa watu wake. Na mwaka wa 1981 akaandika juu ya utabibu wa misheni katika nchi yetu, jinsi watu walivyoipokea dawa ya wageni kwa akili zao wenyewe, wakichagua. Hata ngoma ya beni aliiandikia kitabu kizima mwaka wa 1975, kwa kuwa aliona kwamba watu wakicheza husema mambo ambayo hawawezi kuyasema mbele ya Bwana Shauri.

Alikubali kukosolewa

Tusije tukawafanya mdhani kwamba mtu huyu hakukosea. Alikosea, na katika kukosea kwake mna fundisho.

Mwaka wa 1983 aliandika makala iliyomfanya ajulikane duniani pote. Alisema kwamba mengi yaitwayo "desturi za asili" za Afrika, kama mipaka migumu ya makabila na sheria za jadi zilizoandikwa maofisini, yalibuniwa wakati wa ukoloni na maofisa, wamisionari na wakubwa wa vijiji kwa manufaa yao. Watu wakalishika neno hilo, likanukuliwa kila mahali. Mwalimu mwingine angalikaa juu ya sifa hiyo mpaka kufa. Lakini wenzake, na wanafunzi wa Kiafrika na wengineo, walimwonyesha kwamba neno "kubuni" lampa Mzungu nguvu nyingi mno, kana kwamba Waafrika walikaa tu wakingoja kubuniwa. Mwaka wa 1993 Ranger akaandika tena, akalipima upya neno lake mbele ya watu wote, akasema kwamba Waafrika wenyewe waliyafikiri, wakayajadili na kuyageuza mambo yao kwa muda mrefu, na kwamba neno lake la kwanza halikutosha.

Mwanafunzi amwonaye mwalimu wake akisema, "Hapa nilikosea," amejifunza kitu kisichopatikana katika kitabu chochote. Na mzazi pia ajifunze. Nyumba ambayo baba hakosi kamwe ni nyumba ambayo watoto hujifunza kuficha.

Utumishi wa uzee wake

Alipostaafu Oxford mwaka wa 1997 hakupumzika. Alirudi Zimbabwe akafundisha chuoni Harare kwa miaka kadhaa, maana nchi iliyomfukuza ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1980, ikampokea. Na nchi ile ilipopatwa tena na taabu, watu wakaikimbia wakafika Uingereza kuomba hifadhi, mzee huyu aliitumia elimu yake yote kuwaandikia taarifa za ushahidi mbele ya mahakama. Mahakimu wa Uingereza hawakuijua Matabeleland wala vyama vyake, yeye aliijua. Kwa mtu mmoja aliyeketi gerezani akingoja kurudishwa, karatasi ya profesa ilikuwa ni jambo la kufa na kupona.

Hivyo ndivyo maisha yake yalivyofungamana. Kijana alitumbukizwa majini kwa ajili ya wanafunzi wake. Mzee aliketi mezani usiku kwa ajili ya wageni. Elimu yake haikupata kuwa pambo.

Neno kwenu, wazazi na wazee

Basi, ndugu zetu wa Masasi na Newala, mtauliza, haya yatufaa nini sisi tulio katika korosho na mihogo?

Yatufaa hivi. Leo watoto wetu wako vyuoni Dar es Salaam, Dodoma, Mtwara na kwingineko. Twawatuma kwa jasho letu. Na twaogopa, ingawa hatusemi, kwamba watarudi wageni. Mwalimu aliye mwema hampokonyi mzazi mtoto wake. Humrudisha nyumbani na swali. Mkiona mtoto wenu amerudi likizoni, amekaa na simu yake pembeni, msingoje chuo kimtume. Mtumeni ninyi.

Maana wako wazee kwetu ambao saa yao imekaribia kama ya wale wa mwaka 1968. Wako wachache sana wanaoikumbuka kazi ya karanga ya Nachingwea iliyoanza mwaka wa 1947, na reli iliyojengwa kisha ikang'olewa. Wako wanaokumbuka jinsi ndugu zetu wa Msumbiji walivyovuka Ruvuma na watoto mgongoni baada ya vita kuanza mwaka wa 1964, na jinsi watu wa uwanda wa Newala, ambao maji yao wenyewe yalikuwa ya shida, walivyogawana nao. Wako wanaokumbuka mwaka wa 1974, walipoambiwa wahame makwao waende katika vijiji vipya, wakaiacha mikorosho waliyoipanda kwa mikono yao na makaburi ya wazazi wao. Karatasi za serikali za mambo hayo zipo. Maneno ya waliohamishwa yako wapi?

Nanyi wazee, msikatae kusema kwa kudhani ya kuwa mtoto msomi hana haja nanyi. Haja anayo, ila pengine hajajua namna ya kuomba. Na ninyi akina mama, msiseme kwamba historia ni mambo ya wanaume. Nani alishuka bondeni kuteka maji mwaka ule wa ukame, nani alihesabu siku za njaa kwa kupungua kwa akiba ya mtama?

Kazi yenyewe si kubwa. Daftari moja latosha, la shule, lenye mistari. Mtoto na aandike juu ya ukurasa jina la mzee, jina la kijiji, na tarehe ya siku walipozungumza. Kisha aulize, aandike kama alivyoambiwa, asipambe, asikatize. Akimaliza amsomee mzee yale aliyoyaandika, ili mzee aseme, "Hapa sivyo." Asahihishe. Kisha daftari liwekwe mahali pasipo mchwa.